Jiwe la Kilo Ishirini na Tatu

Saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi nyundo ilitua mara ya kwanza juu ya jiwe la kusagia la mama yetu. Najua saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimeshika kalamu. Kila mzigo wa pamba uliopita kwenye mizani yetu niliuandikia saa na kilo, na mzigo wa mwisho katika daftari lile ni wa saa nne na dakika kumi na nane, kilo thelathini na moja, daraja la kwanza, wa mama mmoja wa Ngulyati. Chini ya mstari huo ukurasa ni mweupe mpaka leo.

Jiwe halikupasuka kwa pigo la kwanza. Lilitoa cheche na vumbi la kijivu. Mgambo aliyeshika nyundo alitema mate viganjani, akainua tena. Afisa aliyemleta alisimama kando, barua mkononi. Ofisi iliyoandikwa juu ya barua hiyo sitaitaja. Pigo la nne ndilo lililoligawa jiwe vipande viwili, mbele ya foleni ya watu, wengi wao wanawake wenye mitumba ya pamba kichwani.

Ili mtu aelewe kwa nini serikali ilituma watu kuvunja jiwe, lazima nirudi nyuma kidogo.

Ulikuwa msimu wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba. Siku hizo mkoa wa Simiyu haukuwapo. Bariadi yetu ilihesabiwa chini ya Shinyanga. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo alilipa kwa karatasi ya ahadi. Baba aliwahi kukaa na karatasi ya namna hiyo kuanzia Agosti hadi mvua za Machi. Mwaka mwingine mgambo walimlaza kifudifudi mbele ya nyumba yake wakamchapa viboko kumi na viwili, kwa kosa la kuacha mabua ya pamba shambani siku nne baada ya tarehe iliyotangazwa. Alikuwa na homa siku hizo nne. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilihesabu viboko kwa sababu sikujua la kufanya na macho yangu.

Kwa hiyo wanunuzi binafsi walipokuja, kaka yangu mkubwa hakungoja kushawishiwa. Baba alikuwa ameshafariki na ametuachia ng'ombe kumi na wawili. Kaka aliwapeleka wote mnadani, akanunua mizani ya kuning'iniza, ile ya uso wa duara kama saa, akakodi kibanda kando ya barabara ya Ngulyati. Mimi aliniweka kwenye daftari. Shule niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa nimesoma kila kitabu nilichoweza kuazima misheni, na kamusi mbili mwanzo hadi mwisho.

"Ng'ombe za baba ziko juu ya ndoana hii," kaka aliniambia siku ya kwanza, akiishika ndoana ya mizani. "Tukiangusha, tumemzika baba mara ya pili."

Ng'ambo ya barabara alikuwapo mnunuzi mwingine, mtu mwenye lori lake mwenyewe. Mizani yake iliiba. Hilo halikuwa siri. Parafujo ya nyuma ikilegezwa kidogo, mshale unasoma pungufu. Wakulima nao hawakuwa malaika. Walinyunyizia pamba maji, walificha mchanga katikati ya gunia, na mara moja tulikuta humo nusu tofali. Kaka alikuwa na dawa moja tu: kila gunia lilimwagwa juu ya turubai mbele ya mwenyewe kabla ya kupimwa. Mwenye tofali alicheka akaondoka nalo. Hakupigwa faini na hakuitiwa polisi, lakini foleni nzima ilimwona, na wiki mbili baadaye bado walikuwa wakimwita fundi mwashi.

Mizani, hata hivyo, mkulima hawezi kuimwaga kwenye turubai. Mshale unasema na yeye anaamini, au haamini lakini anauza kwa sababu jua linapanda. Hilo lilinikosesha raha. Siku moja nikiwa nyumbani niliangalia jiwe la kusagia la mama, lile la chini, ambalo halikutumika tena tangu mashine ya kusaga ifunguliwe. Nililifunga kwenye baiskeli nikalipeleka kwenye zahanati ya misheni, kwenye mizani ya kupimia wagonjwa. Nililipima mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Kilo ishirini na tatu kila mara. Niliandika 23 ubavuni kwa lami.

Tangu siku hiyo kila muuzaji aliruhusiwa kulitundika jiwe kwanza. Nililifunga kamba ya katani, akalipandisha mwenyewe, mshale ukasimama penye ishirini na tatu, kisha akatundika pamba yake. Wazee walilizunguka jiwe kama watu wanaokagua dume la kununua.

"Nalo halidanganyi?" aliuliza mama mmoja.

"Limesaga mtama miaka thelathini, mayu," kaka alimjibu. "Kama lingekuwa na tabia mbaya tungeshaijua."

Siku ya tatu wanawake wawili waliomba kuliazima. Walilibeba kwa mti begani, wakavuka nalo barabara, wakamwambia mnunuzi wa ng'ambo: tunaomba upime hili. Mshale wake ulisoma kumi na tisa. Hakuna aliyempigia kelele. Waliteremsha jiwe, wakateremsha na mitumba yao, wakarudi upande wetu. Kesho yake mizani yake ilisoma ishirini na mbili na nusu. Keshokutwa, ishirini na tatu kamili. Kutoka Dutwa walikuja vijana na baiskeli kuomba kupima mawe yao wenyewe kwa letu, wakaandika namba ubavuni kwa lami, wakaondoka nayo.

Hapo ndipo nilipopata imani niliyo nayo hadi sasa. Nimesoma mengi tangu wakati huo, na nimebishana na walimu, mapadri na mabwana shamba wanaosema soko lisilo na msimamizi ni pori. Ninawauliza jambo moja: mizani ya ng'ambo ilirekebishwa na nani? Haikurekebishwa na sheria. Ilirekebishwa na wanawake wawili waliokuwa na mahali pengine pa kwenda. Mahali pengine pa kwenda ndiyo kanuni yote. Aliyeibiwa kilo nne na mnunuzi mmoja anavuka barabara. Aliyeibiwa kilo nne na mnunuzi wa pekee, mwenye muhuri, anaweza kuvuka kwenda wapi?

Wiki ya sita afisa alikuja mara ya kwanza, peke yake, kwa pikipiki. Alikuwa mtu mpole na alizungumza vizuri. Alitueleza kwamba kila mizani itawekwa lakiri, yaani muhuri wa ofisi, na ada yake italipwa ofisini. Kwamba kituo chetu kitakuwa na mnunuzi mmoja aliyesajiliwa. Na kwamba jiwe letu ni kipimo kisicho halali.

"Mwangaluka, bwana," kaka alimwamkia, kwa sababu afisa alikuwa ameanza bila salamu. "Jiwe limemuibia nani?"

"Sio suala la kuiba. Leo wewe una jiwe lako, kesho kila mtu ana jiwe lake. Nani atajua lipi ni la kweli?"

"Watayapima."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa mawe mengine."

Afisa alicheka. Nakiri hoja yake haikuwa ya kijinga. Msimu uliotangulia mtu mmoja alipita huku akinunua pamba kwa ahadi, akatoweka nayo, na wapo waliolia. Mimi pia nataka mwizi akamatwe na apelekwe mahakamani. Sijawahi kusema vinginevyo. Lakini yule alikuwa mwizi, na sheria ya kumkamata mwizi ilikuwapo tayari. Afisa alichokuwa akikileta kilikuwa kitu kingine: ruhusa. Na ruhusa inauzwa na mtu mmoja tu, tena haina ng'ambo ya barabara.

Kaka alikwenda kuomba kusajiliwa. Aliambiwa nafasi imejaa. Nafasi yenyewe ilikuwa moja, na ilikuwa ya yule mwenye lori.

"Tufunge," nilimwambia.

"Tuna kilo zaidi ya elfu moja na mia tano ghalani, wewe wa vitabu. Nikifunga leo nitamuuzia nani? Nitamuuzia yeye, kwa bei yake." Alifikiri. "Siku tano. Tupate mzigo wa gari moja, tupeleke kiwandani, halafu tufunge."

Walikuja siku ya tatu.

Walikuwa mgambo sita. Baada ya kuvunja jiwe walikata kamba ya mizani, ikaanguka kwa uso, kioo kikavunjika. Kisha waliingia ghalani wakaanza kutoa magunia. Lori lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na lilikuwa lori la mnunuzi wa ng'ambo. Watu waliliona hilo kabla yangu. Nilisikia mnong'ono ukienda foleni nzima, kisha yule mama wa kilo thelathini na moja, ambaye mzigo wake ulikuwa umepimwa lakini haujalipwa, alimshika mgambo mkono.

"Huo ni wangu. Sijalipwa."

Mgambo alimsukuma. Mama hakuuachia mkono. Mgambo mwingine alimpiga kwa rungu juu ya kifundo cha mkono, na nilisikia mfupa, sauti ndogo kama ya kuni mbichi. Mama alikaa chini. Alikaa kama mtu aliyechoka, mkono mapajani, akautazama. Halafu akainua kichwa akapiga mwano.

Mwano ni yowe la wizi wa ng'ombe. Msukuma yeyote aliyelelewa kijijini analijua. Ukilisikia shambani unaacha jembe, unachukua fimbo, rungu au upinde, unakimbilia linakotoka, na ukilisikia unalipokea kwa sauti yako ili wa mbali wasikie. Asiyetoka hutozwa faini. Ukifika huulizi maswali. Unamtafuta anayekimbia na mali.

Tulilisikia likipokelewa bondeni, kisha upande wa pili wa mto, kisha mbali zaidi. Ulikuwa wakati wa kuchuma na mashamba yalikuwa yamejaa watu. Afisa aliuliza, "Wanasema nini?" Hakuwa mtu wa kwetu. Mgambo mmoja, ambaye alikuwa wa kwetu, aliweka gunia chini taratibu, akavua kofia yake, akaanza kutembea kuelekea Bariadi bila kuaga.

Kaka alikuwa ameshikwa ukutani. Wale waliomshika walipogeuka kutazama bonde, alijichomoa. Ningependa kuandika kwamba alikimbilia usalama wake, lakini alikimbilia lori. Alipanda gurudumu, akavuta gunia la kwanza aliloweza kulifikia, akalibwaga begani na kuanza kukimbia nalo kuteremka bondeni, kuliko na nyumba yetu. Gunia moja, kati ya yote. Nilimwita. Nilipiga kelele kwamba aliache. Alikuwa akizirudisha ng'ombe za baba, moja moja.

Na watu wa mwano walikuwa wakipanda kutoka bonde hilohilo.

Waliona wanachokiona siku zote: vumbi, wanawake wakilia, mtu anakimbia na mzigo begani. Wa kwanza alimpiga mguuni kwa fimbo. Kaka alianguka na gunia likamwangukia. Wa pili alimpiga kichwani. Aliinua mkono wa kulia kujikinga na rungu la tatu liliukuta mkono huo juu ya jiwe la njiani, na vidole vitatu vikawa kitu kimoja. Nilikuwa nimebakiza kama hatua thelathini kumfikia. Nilikimbia nikipaza jina la baba yetu, kwa kuwa ndilo wangelitambua kwanza. Nilipofika nililala juu yake, na fimbo mbili zilinipata mgongoni kabla mmoja wao hajasema, kwa Kisukuma, "Ngojeni. Huyu ni wa daftari."

Wakashusha fimbo. Waliiona pamba nyeupe iliyomwagika kutoka guniani na damu ikipenya ndani yake, na mmoja, mzee kuliko wenzake, alipiga magoti akamtazama kaka usoni.

Kule juu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waliokuja kwa njia ya barabara walikuwa wamefahamishwa na wanawake nani ni nani. Mgambo mwenye nyundo alivunjwa taya kwa mpini wa nyundo hiyohiyo. Mwingine alijificha chini ya lori akavutwa kwa miguu, na alipigwa hata sare yake ikatoka mwilini vipande. Mshale mmoja ulimpata afisa kwenye paja. Aliingia ndani ya lori ukiwa bado umesimama pajani, dereva akaondoa gari huku mlango ukipigapiga. Magunia yetu yote, ila lile moja, yalikwenda nalo. Hakufa mtu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu pekee nililonalo ni kwamba jeshi lile la mashambani lilikuwa limeshapata habari ya kosa la bondeni na mikono ilikuwa imelegea.

Kaka tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, kisha kwa gari la mtu aliyekuwa amebeba mahindi, hadi hospitali Bariadi. Alishonwa kichwa. Vidole vitatu vilikatwa. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Siku ya tisa wanaume watatu walikuja nyumbani. Niliwatambua. Hawakuingia, walisimama uani wamevua kofia, wakamwamkia mama, mama akaitikia "mhola", yaani salama, kwa sauti ya mtu asiye na mhola wowote.

Mzee wao alisema, "Sisi ndio tuliompiga. Tumekuja wenyewe. Hatujaletwa na mtu."

Kaka alikuwa amelala barazani, kichwa kimefungwa. "Nani alinipiga mkononi?"

"Mimi," alisema kijana wa pembeni.

"Una nguvu wewe. Unalima ekari ngapi?"

Kijana hakujua kama acheke. Mbele ya mkutano wa kijiji walitoa ng'ombe watatu, kila mtu mmoja, na hakuna askari aliyewasindikiza. Yule kijana aliongeza jambo ambalo halikudaiwa: kila msimu wa kulima, kwa miaka minne, alikuja na maksai wake akalima shamba la kaka kabla ya lake.

Nimeambiwa na wengi kwamba kisa changu kinanipinga mwenyewe. Tazama, husema, hao nao walikuwa watu bila serikali, na walimvunja ndugu yako. Ni kweli walimvunja. Mwano ni kanuni ya watu wenyewe na siku ile ilikosea vibaya kuliko lakiri yoyote. Ila nalinganisha kilichofuata. Kaka alilinganisha kabla yangu, jioni walipoondoka wale watatu.

"Waliokosea wamekuja mpaka uani," alisema. "Walioagiza je?"

Walioagiza hawakuja. Afisa alihamishwa wilaya nyingine na nasikia alipandishwa cheo. Mama wa Ngulyati, aliyevunjwa mkono, alipeleka malalamiko yake akaambiwa aandike barua. Nilimwandikia mimi, mara tatu, na nakala ninazo. Kaka alitozwa faini ya shilingi hamsini elfu kwa kununua bila kibali, akaipeleka kwa mkono wa kushoto. Pamba iliyochukuliwa hatukuiona tena. Msimu uliofuata kituo kilikuwa na mnunuzi mmoja na mizani yenye lakiri. Niliivuka barabara na kipande kikubwa cha jiwe, ambacho nilikuwa nimekipima upya zahanati: kilo kumi na nne. Mizani yenye lakiri ilisoma kumi na mbili. Nilimwonyesha karani. Alinionyesha lakiri.

Sasa wanunuzi wamekuwa wengi tena, wakawa wachache tena, kanuni zimefungwa na kufunguliwa, na kila zinapofungwa nasikia maneno yaleyale mapole kuhusu kumlinda mkulima. Kaka alikwisha kuacha pamba. Analima mpunga kidogo. Kipande kikubwa cha jiwe kiko mlangoni kwake, kinazuia mlango usijifunge na upepo, na bado wapo wanawake wanaokuja kukiazima.

Kati ya ng'ombe kumi na wawili wa baba, sita walirudi zizini: watatu wa fidia, na watatu tulionunua kwa hela iliyobaki. Wale sita wengine hawakurudi. Jumlisha pamba kilo elfu moja mia nane na arobaini, kwa bei tuliyoinunulia, mizani, faini, dawa na kushonwa, ondoa thamani ya ng'ombe wa wale watatu waliokuja kwa miguu yao. Vidole sikuvitia bei. Tulipoteza shilingi laki mbili, hamsini na nne elfu na mia nne.